Namba Moja Haitoshi: Kuitambua Pikipiki ya Zamani Iliyochanganywa Vipuri

Pikipiki iliyoundwa mwaka 1952 na ambayo ingali inawaka leo imepita mikono mingi. Imeanguka, imegongwa, imelala gereji miaka kadhaa, imefunguliwa na kufungwa na mafundi wasiojuana. Kila aliyeigusa alitoa kitu akaweka kingine. Ndiyo maana mtu anapoitazama na kuuliza, "Hii ni modeli gani?", swali lake huonekana dogo, kumbe limebeba maswali matatu. Kiwanda kilitoa nini? Barabara na waliokuwa nayo waliigeuza vipi? Na sasa hivi ni kitu gani kimesimama mbele yetu? Majibu ya maswali hayo yanaweza kutofautiana kabisa, na ugomvi mwingi kati ya wauzaji na wanunuzi wa pikipiki za zamani huzuka kwa sababu mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake la tatu.

Hoja yangu ni hii: utambulisho wa pikipiki ya zamani haukai katika namba moja, wala katika nembo ya tangi, wala katika kadi ya usajili. Unakaa katika kupatana kwa ushahidi wa sehemu nyingi. Pale sehemu zinapokataa kupatana, kazi ya anayetambua ni kueleza kila moja imetoka wapi, hata kama jina la fahari litapotea. Mifano yangu mingi ni ya pikipiki za Uingereza za kati ya miaka ya 1930 na 1970: BSA ya Birmingham, Triumph ya Coventry na baadaye Meriden, Norton, Vincent ya Stevenage na Royal Enfield ya Redditch. Viwanda hivi vilitoa modeli nyingi zenye undugu, viliuza nchi nyingi, na vipuri vyake vimehamishwa sana kutoka mashine moja hadi nyingine.

Mchanganyiko unaanzia wapi

Wengi hudhani kuchanganya vipuri ni kazi ya fundi wa mtaani. Mara nyingi kulianza kiwandani kwenyewe. Chukua BSA M20 na M21. Zote zina injini ya silinda moja yenye valvu za pembeni, na kipenyo cha silinda ni milimita 82 kwa zote mbili. Tofauti kubwa imo ndani: pistoni ya M20 husafiri milimita 94, ya M21 husafiri milimita 112. Hesabu hiyo inatoa cc 496 kwa ya kwanza na cc 591 kwa ya pili. Mtu akisimama kando ya barabara hawezi kuzitofautisha kwa urahisi, na sehemu nyingi za moja hukaa kwenye nyingine bila kulalamika. Kuanzia 1951 BSA ilikuwa ikiimiliki Triumph, na ilipofika msimu wa 1971 pikipiki za cc 650 za majina yote mawili zilitumia fremu ya aina moja, ile inayohifadhi mafuta ya injini ndani ya bomba lake kuu.

Kuna pia undugu unaovuka mipaka ya nchi. Kati ya 1955 na 1959 pikipiki zilizotengenezwa Redditch na Royal Enfield ziliuzwa Marekani zikiwa na jina la Indian kwenye tangi. Anayeikuta moja na kuamini nembo atatafuta vipuri Marekani bure, wakati vinavyomfaa viko Uingereza. Muundo wa DKW RT125 ya Ujerumani ulichukuliwa baada ya vita na viwanda kadhaa. Ndio uliozaa BSA Bantam ya 1948 na YA-1 ya 1955, pikipiki ya kwanza ya Yamaha. BMW R71 nayo ilizaa M72 ya Urusi ya Kisovieti, na M72 ikazaa Chang Jiang CJ750 ya China. Leo Chang Jiang iliyopakwa rangi ya kijeshi na kubandikwa nembo ya BMW inaweza kumpumbaza mtu makini, kwa sababu umbo la injini na la fremu ni la ukoo mmoja. Kufanana, basi, ni mwanzo wa uchunguzi tu.

Chanzo cha pili ni vita. BSA ilitengeneza zaidi ya M20 120,000 kwa ajili ya majeshi katika Vita Kuu ya Pili. Karakana za jeshi hazikuwa na sababu ya kurudisha injini ileile kwenye fremu ileile. Pikipiki ililetwa ikiwa imechoka, injini ikatolewa na kupelekwa kwenye rundo la kutengenezwa, na iliyokwisha kutengenezwa ikafungwa mahali pake. Baada ya vita mashine hizo ziliuzwa kwa raia, wakazipaka rangi nyeusi au nyekundu na kuzifunga taa mpya. M20 ya kijeshi ambayo bado ina kila kitu chake cha kwanza ni nadra, na kutopatana kwa namba zake hakuthibitishi wizi wala ujanja.

Chanzo cha tatu ni kiu ya mwendo kasi. Mwaka 1950 Norton ilianza kutumia katika mashindano fremu iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast pamoja na nduguye Cromie, fremu iliyopewa jina la Featherbed kwa jinsi ilivyotulia barabarani. Wakati huohuo madereva wa magari madogo ya mashindano ya cc 500 walizitamani injini za Norton Manx, na kwa kuwa kiwanda hakikutaka kuuza injini peke yake, walinunua pikipiki nzima na kung'oa injini. Fremu bora zikabaki bila moyo. Vijana wakazitia injini za Triumph zenye silinda mbili, na mchanganyiko huo ukaitwa Triton. Injini ya Triumph kwenye fremu ya BSA ikaitwa Tribsa, na ya Vincent kwenye fremu ya Norton ikaitwa Norvin. Mwaka 1965 Dave Degens na Rex Butcher walishinda mashindano ya saa 24 ya Barcelona wakiendesha Triton. Ushindi huo unatosha kumnyamazisha anayedhani kwamba mashine iliyochanganywa lazima iwe duni.

Chanzo cha nne ni uhaba, na hiki Afrika Mashariki tunakifahamu vizuri. Fundi wa Mwanza au Kisumu aliyeletewa pikipiki ya miaka ya 1950 wakati wakala amekwisha kufunga duka, hakuwa na kitabu cha kuagizia. Alikuwa na mashine ya kukereza chuma, moto wa kuchomelea, na akili. Akachonga bushi, akafunga kabureta ya pikipiki ya Kijapani, akakaza gurudumu kwa spoku za kupimwa upya. Kazi yake inastahili heshima, maana ndiyo iliyoiweka mashine hai. Lakini anayekuja kuitambua lazima aisome kazi hiyo kama ilivyo, asiiite ya kiwandani.

Chanzo cha tano ni udanganyifu, nao hufuata pesa. BSA Gold Star ya cc 499 inauzwa ghali kuliko B33, ingawa zote mbili zina kipenyo cha milimita 85 na mwendo wa pistoni wa milimita 88. Triumph Bonneville T120 inatafutwa kuliko TR6, ingawa tofauti inayoonekana haraka ni kwamba Bonneville ina kabureta mbili na TR6 ina moja. Palipo na tofauti ndogo ya chuma na tofauti kubwa ya bei, hapo ndipo mnunuzi anapaswa kufungua macho zaidi.

Namba husema nini, na hunyamaza wapi

Baada ya kujua njia ambazo vipuri huingiliana, sasa namba zinaweza kusomwa kwa busara. Kwanza zitafute mahali pake. Kwenye Triumph za silinda mbili, namba ya injini imegongwa upande wa kushoto, kwenye kasha la injini chini kidogo ya silinda, na namba ya fremu imegongwa kwenye shingo, pale foki inapoingia. BSA nyingi hufuata utaratibu wa karibu na huo. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi laini ya shaba. Usipitishe msasa wala mashine ya kusagia: alama unayoifuta ndiyo ushahidi unaoutafuta. Weka karatasi juu ya namba na usugue kwa penseli, kisha piga picha mwanga wa tochi ukitokea ubavuni ili vivuli vionyeshe hata mikwaruzo midogo.

Namba ya kugongwa isichanganywe na namba ya kusubiwa. Ile iliyoinuka juu ya chuma kwa sababu ilikuwamo kwenye kalibu ni namba ya kipuri, na maelfu ya vipuri vinayo ileile. Hata hivyo ina faida yake. Kwa BSA, namba za vipuri zinazoanza na 68 ni za ukoo wa A50 na A65, zinazoanza na 40 ni za ukoo wa C15, na zinazoanza na 90 ni za Bantam. Inakueleza familia ya kipuri, haikuelezi pikipiki.

Herufi zinazotangulia ndizo zenye habari nyingi. BSA ilitumia K kwa msimu wa 1939 na W kwa 1940. W ikaendelea kwenye mashine za jeshi, ndiyo maana fremu ya M20 ya vita husomeka WM20. Baada ya vita zikafuata X, Y na Z. Gold Star ya mwisho na maarufu zaidi husomeka DBD34GS kwenye injini, na herufi GS hazikuwekwa kwenye B33. Triumph za cc 650 zilipata herufi DU kuanzia msimu wa 1963. Kuanzia msimu wa 1969 Triumph na BSA zilitumia herufi mbili, ya kwanza ikiwa ya mwezi na ya pili ya msimu. A ni Januari, N ni Oktoba, X ni Desemba; C ni msimu wa 1969, D ni 1970, E ni 1971. Injini inayoanza na NE, basi, iliundwa Oktoba 1970 kwa ajili ya msimu wa 1971. Wengi hukosea hapo kwa kudhani msimu na mwaka wa kalenda ni kitu kimoja, wakati mwaka wa kiwanda ulianza kiangazi cha mwaka uliotangulia.

Sasa tufike kwenye imani inayopotosha kuliko zote: kwamba pikipiki halisi lazima iwe na namba moja kwenye injini na kwenye fremu. Imani hiyo ni kweli kwa Triumph za miaka ya 1950 na 1960. Kwa BSA za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, namba mbili hizo kwa kawaida hazikufanana tangu siku ya kwanza, na BSA ya 1955 yenye namba zinazofanana kabisa inatakiwa kukutia shaka badala ya kukutuliza. Kwenye Vincent za silinda mbili za baada ya vita, namba ya fremu ni namba ya injini ukijumlisha 1900. Kupatana kwake ni kwa hesabu. Honda CB750 ina CB750 kwenye fremu na CB750E kwenye injini, kila moja ikiwa na mfululizo wake. Harley-Davidson za kabla ya 1970 hazikugongwa namba ya utambulisho kwenye fremu hata kidogo. Namba ya injini ndiyo iliyokuwa namba ya kisheria. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama namba zinafanana, uliza kwanza kama kiwanda kilitaka zifanane.

Baada ya kuisoma namba, lisome bamba lake. Je, uso wa chuma pale ulipo una chembe zilezile za kusubiwa zilizo jirani yake, au umelainishwa kwa tupa? Je, bamba limezama chini kuliko linavyopaswa? Je, tarakimu mbili za aina moja zina umbo moja? Mwishoni mwa miaka ya 1960 Triumph ilianza kujaza bamba la namba kwa nembo ndogondogo kabla ya kugonga tarakimu, ili anayezifuta aharibu nembo hizo pia. Mstari uliopinda kidogo, kwa upande wake, hauna hatia: kwa miaka mingi namba ziligongwa kwa nyundo na mkono wa mtu. Vilevile viwanda viliuza makasha ya injini yasiyo na namba kwa waliovunja ya kwanza, na wakala aliyaandika namba ya zamani kwa haki kabisa. Ndani au chini ya nusu mbili za kasha la Vincent na la Harley-Davidson kuna alama za kuzioanisha. Zikitofautiana, ujue kasha hilo ni la injini mbili zilizounganishwa.

Anza na kigumu kubadilika

Namba zikishaeleza zinachoweza kueleza, chuma chenyewe kichukue zamu. Kanuni moja huokoa muda na pesa: uzito wa ushahidi ulingane na ugumu wa kukibadilisha kipuri. Tangi hufunguliwa kwa bolti chache mchana mmoja. Siti, madigadi, taa na ekzosi ni hivyohivyo. Foki na magurudumu huhitaji kazi zaidi. Giaboksi zaidi tena. Fremu na kasha la injini ndivyo vigumu kuliko vyote, na ndivyo vinavyobeba jina. Wauzaji wengi hukuonyesha kwa mpangilio wa kinyume: kwanza nembo inayong'aa, kisha rangi, kisha tangi. Mwenye kutambua huanza chini ya tangi.

Fremu hueleza umri kwa jinsi inavyoshika gurudumu la nyuma. Zile za mwanzo ni ngumu, hazina springi nyuma. Zikaja zenye springi fupi za wima pande mbili za ekseli, kisha zenye mkono unaopanda na kushuka ukishikwa na shokapu mbili. Royal Enfield iliutumia mkono huo kwenye Bullet ya 1949. BSA ilianza kuuweka kwenye modeli zake kubwa za barabarani msimu wa 1954. Featherbed ya Norton ya miaka ya 1950 ina mabomba yaliyoachana chini ya siti, na ile ya kuanzia 1960 ina mabomba yaliyobanwa ili magoti ya dereva yakae vizuri. Anayekuambia Triton yake ilijengwa 1958 kwa fremu iliyobanwa hajasema kweli yote. Gold Star nayo ina alama isiyosahaulika: bomba la chini upande wa kulia limepindwa kidogo kuipisha pampu ya mafuta. Anayetaka kuigeuza B33 kuwa Gold Star kwa kubadili injini tu hukwama hapo.

Tazama pia masikio ya fremu, vile vipande vilivyochomelewa ili kushika kitu. Kiwanda hakikupoteza chuma bila sababu. Sikio lisilo na kazi linasema kuna kitu kilichoondolewa, na kitu kilichofungwa kwa kamba ya chuma mahali pasipo na sikio kinasema kimehamia kutoka kwingine. Tako la sikio lililokatwa kwa msumeno na kupakwa rangi ni ushahidi mzito, kwa sababu aliyelikata alitaka fremu ionekane ya modeli nyingine.

Injini huulizwa kwa vipimo. Ukifungua hedi, pima kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, kisha ulinganishe na kitabu. Ukumbuke tu kwamba silinda iliyokerezwa upya huwa kubwa kidogo kuliko ya kiwandani. Milimita 112 za mwendo wa pistoni haziwezi kuwa M20, hata namba ikisema hivyo. Sumaku ndogo ya mfukoni inafaa pia: silinda ya B33 ni ya chuma cha kusubu na sumaku hunasa, wakati mapezi ya silinda ya Gold Star ni ya aluminiamu na sumaku huteleza, hata zote mbili zikiwa zimepakwa rangi moja ya fedha. Kwenye Triumph, tazama kama injini na giaboksi ni vipande viwili au kasha moja. Bonneville za kuanzia 1959 hadi msimu wa 1962 zina giaboksi iliyojitenga. Kasha moja lilianza msimu wa 1963. "Bonneville ya 1961" yenye kasha moja haina budi kuwa na injini ya baadaye.

Foki na breki hufuata. M20 ya vita ilitoka na foki za mihimili ya chuma zenye springi kubwa katikati. Ikiwa leo ina foki za mabomba yanayoingiana yenye mafuta ndani, zimewekwa baadaye. Breki ya diski kwenye gurudumu la mbele la Triumph ya miaka ya 1960 ni nyongeza pia, kwa kuwa kiwanda kiliianza 1973. Honda CB750 ya 1969, kinyume chake, ilizaliwa nayo, na ndiyo iliyoifanya diski kuwa jambo la kawaida kwenye pikipiki za kuuzwa kwa wingi.

Vitu vidogo vyenye tarehe

Vipuri vidogo hubadilishwa kwa urahisi, kwa hiyo peke yake havithibitishi jina la mashine. Lakini vina sifa ambayo vikubwa havina: vingi vimeandikwa tarehe au kipimo waziwazi. Lucas, waliotengeneza magneto, dainamo na taa za pikipiki nyingi za Kiingereza, waligonga mwezi na mwaka kwenye vifaa vyao. Dainamo yenye 4 58 ilitoka Aprili 1958. Kama fremu ni ya 1953, ama dainamo ilibadilishwa ama kuna jambo kuhusu fremu ambalo hatujalielewa.

Kabureta za Amal husomeka vizuri. Aina ya Monobloc ilianza katikati ya miaka ya 1950, aina ya Concentric ilianza 1967. Kwenye Concentric za mwanzo, namba iliyogongwa mwilini ina kipimo ndani yake: 626 ina njia ya hewa ya milimita 26, na 930 ina ya milimita 30. Concentric kwenye Bonneville ya 1960 inafanya kazi nzuri, lakini haikutoka nayo Meriden.

Nyuzi za bolti nazo ni ushahidi ambao wauzaji husahau kuuficha. Pikipiki za Uingereza za zamani zilitumia nyuzi za Whitworth na nyuzi za baiskeli zenye mizunguko 26 kwa inchi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye nyuzi za UNF. Za Japani, Ujerumani na Italia ni za milimita. Spana ya milimita 10 au 13 ikikaa sawasawa kwenye nati za injini ya BSA ya 1950, mtu ameingiza bolti za baadaye, na pengine amezikwangua nyuzi za zamani ili zikubali. Pima kwa geji ya nyuzi kabla ya kulazimisha.

Kwa wenye Honda, namba ya kipuri ni hazina. Tarakimu tatu za katikati hueleza kipuri kilibuniwa kwanza kwa modeli ipi: 300 ni CB750 ya kwanza, 323 ni CB500 ya silinda nne. Na CB750 takriban 7,400 za kwanza zina kasha la injini lililosubiwa kwa kalibu za mchanga, lenye uso wenye chembechembe, tofauti na makasha ya baadaye yaliyo laini zaidi. Zinalipiwa bei kubwa mno, kwa hiyo uso wa chuma na namba vichunguzwe pamoja.

Usisahau rangi. Chini ya tangi, nyuma ya shingo na ndani ya kifuniko cha kisanduku cha spana, matabaka ya zamani husalimika. Rangi ya kijeshi iliyolala chini ya nyeusi kwenye M20 inathibitisha kile ambacho herufi W ilikwisha kudokeza.

Ushahidi usipopatana

Baada ya kuorodhesha yote hayo, mara nyingi utabaki na orodha inayopingana. Hapa ndipo kufikiri kunapohitajika zaidi ya kutazama. Kipuri kimoja cha baadaye ni matengenezo ya kawaida. Kundi la vipuri vya tarehe moja ni tukio. Foki, gurudumu la mbele, taa na usukani vyote vikiwa vya 1958 kwenye pikipiki ya 1953, mashine hiyo huenda iligongwa mbele na kurekebishwa kwa sehemu za nyingine. Injini, kabureta na ekzosi vyote vikiwa vya 1963, moyo ulihamishwa mzima. Ukisoma makundi badala ya vipande, mchanganyiko hugeuka kuwa historia yenye mpangilio.

Tuchukue mfano. Fremu inasomeka WM20. Injini inasomeka ZM21. Foki ni za mabomba yenye mafuta. Tangi ni la M21 ya raia. Chini ya rangi nyeusi kuna rangi ya kijeshi. Muuzaji anaiita "M20 ya vita." Mwingine anaiita "M21 ya miaka ya 1950." Wote wawili wameshika ncha moja ya ukweli. Jibu kamili ni hili: fremu ya M20 ya jeshi, iliyopewa injini ya M21 ya baada ya vita pamoja na foki na tangi za kipindi hicho, na ambayo rangi yake ya kwanza bado ipo chini. Sentensi hiyo haina fahari ya jina moja, lakini haimdanganyi mtu yeyote.

Kumbukumbu za viwanda husaidia kuamua. Kilabu cha Vintage Motor Cycle Club cha Uingereza, kilichoanzishwa 1946, kimehifadhi daftari za watengenezaji wengi zinazoonyesha namba ya injini, namba ya fremu, tarehe mashine ilipotoka, na mara nyingi wakala aliyepelekewa. Daftari likisema injini yako ilitoka na fremu nyingine, umepata jibu ambalo hakuna kiasi cha kung'arisha kingekupa. Likisema zilitoka pamoja, hata kama namba zake hazifanani, umepata hazina.

Kwa mnunuzi wa Tanzania au Kenya kuna jambo la ziada. Kadi ya usajili huandika namba ya chesi na namba ya injini, na yeyote anayenunua anapaswa kuzilinganisha na chuma kabla ya kutoa pesa. Injini iliyobadilishwa si kosa yenyewe. Kubadilishwa bila kuandikwa ndiko kunakoleta taabu siku ya kuuza au siku ya ajali. Namba iliyosagwa ni jambo jingine kabisa: hapo usinunue, hata bei ikishuka vipi. Kugonga chuma hukandamiza hadi chini ya alama, na wataalamu wa polisi wanaweza kwa tindikali kuirudisha namba iliyofutwa. Pikipiki uliyoinunua kwa bei poa inaweza kugeuka kielelezo mahakamani.

Kwa anayefufua mashine, swali gumu ni kama arudishe kila kitu kilivyotoka kiwandani. Sioni kanuni moja inayofaa zote. M20 ambayo bado ina tabaka lake la jeshi inastahili kutunzwa ilivyo, kwa kuwa rangi hiyo haiwezi kurudishwa ikishakwanguliwa. Triton iliyojengwa vizuri miaka ya 1960 ina haki ya kubaki Triton. Kuivunja ili kupata Norton moja isiyo na injini na injini moja isiyo na fremu ni kuharibu kazi ya watu waliojua walichokifanya. Lakini mashine ambayo mchanganyiko wake ulifanywa kwa ajili ya kudanganya haipaswi kuendelea kubeba jina la uongo. Fundi aliyeigundua ana wajibu wa kusema, hata kama mteja wake atakasirika.

Kwa hiyo andika. Kila pikipiki ya zamani iwe na karatasi yenye mistari michache: fremu ya nini na namba yake, injini ya nini na vipimo vyake, sehemu zipi ni za baadaye na za kutoka wapi, na kipi kilibadilishwa mikononi mwako. Karatasi hiyo humwezesha fundi kuagiza pistoni sahihi, humwezesha mnunuzi kujua analipia nini, na humwezesha mrithi kuendeleza kazi pasipo kubahatisha. Jina moja tukufu lisilo kweli halimsaidii yeyote kati ya hao, na mashine iliyodumu miaka 70 kwa jasho la watu wengi inastahili kuelezwa kwa ukweli wote tulionao.